Bima ya afya: Hesabu inayowaumiza wazee wa Wamagana

WAZEE wengi wa Wamagana na vijiji vingine vya Tetu, Kaunti ya Nyeri, waliwasomesha watoto wao kwa majani chai na kahawa. Watoto hao walihamia Nairobi na miji mingine kutafuta riziki. Waliobaki nyumbani wanakabiliana na kisukari na shinikizo la damu, maradhi yanayohitaji dawa kila siku.

Serikali inalifahamu jambo hilo. Nyeri ilipoteuliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo kufanyiwa majaribio ya mpango wa afya kwa wote, uliozinduliwa Desemba 2018, sababu mojawapo ilikuwa wingi wa maradhi yasiyoambukiza. Ada ziliondolewa katika hospitali za kaunti, lakini nafuu hiyo haikudumu.

Mnamo Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya hazina ya NHIF. Chini ya utaratibu huo, aliyejisajili hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma bila kutozwa mchango. Anapohitaji kulazwa hospitalini ndipo huulizwa iwapo amelipa.

Hapo ndipo mzigo unapomlemea mzee. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiyeajiriwa hukadiriwa uwezo wake kwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Kwa mzee ambaye pato lake ni Sh2,000 za mpango wa Inua Jamii pekee, hiyo ni asilimia 15. Isitoshe, anatakiwa kulipa Sh3,600 za mwaka mzima kwa mkupuo. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba, lakini mzee huyu anaagizwa alete kibaba kilichokwisha kujaa.

Hali ni ngumu zaidi kwa walio kati ya miaka 60 na 69. Katiba inawatambua kuwa wazee, ilhali Inua Jamii huanza mtu anapotimiza miaka 70.

Mwaka 2025 Serikali ilianzisha Lipa SHA Pole Pole, pamoja na mpango wa kuwalipia michango watu milioni 2.2 wasiojiweza. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, wa kwanza ni mkopo ambao lazima ulipwe, na wa pili humfaidi tu yule ambaye jina lake limo katika orodha.

Ilhali orodha ya wanaopokea Inua Jamii tayari iko mikononi mwa Serikali. Kuwalipia wote michango moja kwa moja kungewaepushia wazee maswali ya ukadiriaji, na kungetimiza Kifungu cha 57 cha Katiba, kinachowapa haki ya kutunzwa na jamaa zao na dola. Kwa sasa, jukumu hilo limeachiwa jamaa, ambao wengi wao wako mbali na Wamagana.