Huruma ya Tabibu na Ulimi wa Mgonjwa

Wako watu, na baadhi yao ni wenye elimu, wasemao kwamba matabibu wa siku hizi wamezaliwa bila huruma, na kwamba dawa ya ila hiyo ni kuwahubiria. Neno hili ni jepesi, wala halimgharimu msemaji kitu. Kosa lake ni kubwa: huifanya huruma kuwa kitu cha kuzaliwa nacho, kama kimo, ilhali hukuzwa na kudumazwa mbele ya macho ya watu.

Mwaka 2009 Mohammadreza Hojat na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwapima wanafunzi wa udaktari mwaka hata mwaka. Uwezo wao wa kutambua mateso ya mwingine haukupungua sana walipokuwa na vitabu tu. Ulishuka katika mwaka wa tatu, ndio mwaka wa kuanza kukaa na wagonjwa. Ikiwa huruma ni ya kuzaliwa, mwaka ule ilikwenda wapi?

Sasa na iangaliwe Singida, mkoa wenye watu wapatao milioni 2 kwa hesabu ya mwaka 2022. Ajuza wa Kinyaturu atokaye Ikungi hujua Kiswahili cha kununulia chumvi. Maumivu yake huyajua kwa Kinyaturu. Tabibu aliye mbele yake ni kijana wa Tanga au Bukoba, aliyesoma kwa Kiingereza tangu sekondari hata chuo kikuu, na cheti cha mgonjwa hukiandika kwa lugha hiyo hiyo. Mjukuu ndiye mkalimani. Na ajuza gani, mwenye heshima zake, atataja maradhi ya siri mbele ya mjukuu? Hujibu kwamba tumbo lauma, kisha hunyamaza. Huko Mkalama hali ni ngumu zaidi kwa Mhadzabe, ambaye lugha yake ya vidoko haina udugu na lugha yoyote ya Kibantu. Mwisho mgonjwa huitwa mkaidi, tabibu huitwa katili, na wote wawili wamesingiziwa.

Yamkini tabibu huyo alikesha zamuni, na mabenchi nje yamejaa. Hilo nalo huua huruma, wala halihitaji maelezo marefu. (Kiswahili chenyewe kimetoa kuuguza katika kuugua, kana kwamba amwangaliaye mgonjwa hupata sehemu ya ugonjwa; lakini mwenye wagonjwa wengi mno hana nafasi ya kuipokea sehemu hiyo.)

Watapinga wapingao kwamba Kiingereza ni lugha ya sayansi. Na kiwe, hakuna aliyetaka vitabu vichomwe. Litakiwalo ni kwamba mwanafunzi atahiniwe kwa Kiswahili namna ya kumhoji mgonjwa, na kwamba apelekwaye Singida apewe kwanza majuma machache ya Kinyaturu au Kinyiramba. Wamisionari wa zamani walijifunza lugha za wenyeji ili wahubiri. Kutibu si kazi ndogo kuliko hiyo. Wala walimu hawatafutwi mbali. Wamo humo humo wodini: ni wauguzi waliozaliwa Puma na Ilongero, ambao hukatizwa kazi zao waje kufasiri, pasipo ujira wala shukrani.