Thimlich Ohinga yataka mafundi wake

Gede ilipoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, pwani tulishangilia, na haki yetu. Kumbe upande wa ziwa, kusini ya Kisumu huko Migori, Thimlich Ohinga imo tangu 2018.

Ngome hiyo yakisiwa kuwa ya karne ya 16. Haina chokaa wala udongo wa kugandisha: waashi walipanga mawe safu mbili, ya nje na ya ndani, wakajaza vijiwe katikati, kuta zikapanda kupita mita 4. Sisi wa nyumba za matumbawe tutastaajabu.

Lakini mti ukiuangukia ukuta huo, au mifugo ikiukwea, hubomoka, na fundi wa saruji hawezi kuurudisha. Makumbusho ya Taifa na kaunti wakipata fedha, wawalipe kwanza wenyeji wanaojua kupanga mawe, wawafundishe vijana. Lango la watalii lingoje.