Tutakula Nini Juma Hili?



Siku mtoto wetu alipopokea Komunyo ya kwanza, tulikopa fedha ili wageni wapate wali na samaki wa barafu. Ilikuwa mwezi wa sita. Maharagi mapya yalikuwa yamejaa katika soko la Kadutu, na mateke yalikuwa yamestawi nyuma ya nyumba yetu. Hatukuyapika. Sisi tunaowafundisha vijana wasione haya kwa kazi ya mikono, tulikionea haya chakula kilichotoka katika mikono hiyo. Deni lile lilitufikisha Septemba, na dada yake akachelewa kuanza masomo.

Tangu mwaka ule tunakaa pamoja kila Jumamosi jioni, daftari mezani, kupanga chakula cha juma lijalo. Tunajiuliza kwanza ni nini kinachovunwa sasa, kisha ni nini kilichobaki nyumbani. Fedha huja mwisho, maana zikitangulia, mazungumzo hufa upesi.

Huku kwetu Bukavu majira ndiyo mwalimu. Maharagi yanayopandwa mvua za Septemba zinapoanza huvunwa karibu na Januari; yale ya Februari au Machi huvunwa karibu na Juni. Wakati huo ndio wa kununua, kuanika vizuri na kuweka akiba. Ifikapo Oktoba magunia yamekwisha na bei imepanda. Hapo mateke, sombe na lengalenga vinatushika mkono. Hata sambaza wana majira yao. Wavuvi huwavuta usiku kwa taa, basi mwezi ukiwa mpevu taa hushindwa, nao samaki huwa haba na ghali. Hivyo juma la mbalamwezi sisi hula sambaza wakavu tulionunua mapema. (Tunaosifu chakula cha kwetu tukumbuke kwamba hata sambaza ni mgeni: aliletwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.)

Wala hatuushitaki wali. Mpunga unalimwa katika bonde la Ruzizi. Tunachokataa ni kuamini kwamba meza isiyo na wali ni meza ya aibu. Bugali wa muhogo peke yake hushibisha bila kujenga mwili; ukiwekewa maharagi au sambaza kando yake, mtoto hukua.

Mama mmoja wa shirika letu alitujibu kwa ukali: «Maharagi yanakula makala!» Ana haki, kwa kuwa makala ya kupikia yanaweza kuzidi bei ya chakula chenyewe. Ndiyo maana tunayaloweka maharagi usiku kucha, na chungu kimoja tunakipika kwa siku mbili. Wengine husema kwamba anayepata fedha ya siku kwa siku hawezi kupanga juma. Hili ni gumu zaidi, nasi hatuna jibu kamili. Tumeona tu familia nne zikichanga na kununua gunia moja la maharagi wakati wa mavuno, jambo ambalo hakuna hata moja kati yao ingeliweza peke yake.

Wako pia wanaodhani kwamba kupanga ni kukosa imani, kwa sababu tunaomba mkate wa kila siku. Lakini Waisraeli jangwani, siku ya sita, waliamriwa kuokota mana ya siku mbili.

Neno moja kwa wavulana wa Kiro na Xaveri. Mara nyingi dada zenu ndio wanaotumwa sokoni, ndio wanaotwanga sombe, ndio wanaolaumiwa chakula kikipungua. Nyumbani mwetu daftari hushikwa kwa zamu, na anayelishika ndiye anayekwenda sokoni. Kijana wetu wa kwanza alinung'unika miezi miwili. Sasa anajua bei ya lengalenga kuliko sisi. Jumamosi iliyopita, zamu yake, aliandika wali siku ya Jumapili, akaupigia mstari mara mbili. Hakuna aliyeufuta.