Mteja Akitaka Makopo Machache, Mkatalie

Leo naongea na mnaouza vitu vya magari mtandaoni, hasa ile rangi ya mpira ya kubandua, ya makopo ya kupuliza kama Plasti Dip ya Marekani. Mi msimamo wangu ni huu: mteja akitaka makopo machache kuliko kazi yake, mkatalie. Najua hela ni ngumu. Mkatalie tu.

Mwaka jana sikukataa. Kaka mmoja aliona picha ya pikapu nyeusi isiyong'aa kwenye status yangu, akaja inbox: "Dogo, nipe mbili, napaka boneti na mlango wa nyuma mwenyewe hapa home." Nikampa boda apeleke siku hiyohiyo, nikajiona mjanja. Jamaa akaona yanaisha, akapaka nyembamba nyembamba ili itoshe. Baada ya miezi miwili akataka kuitoa. Wapi! Inatoka vipande kama ganda la yai. Gari la kazi hilo, anabebea watu mizigo, likalala siku mbili yeye anakwangua kwa kucha. Ananitumia picha, mi kimya, sina jibu. Nikamrudishia hela yote.

Baadaye ndo nikajifunza. Hii rangi inabanduka kwa sababu ya unene. Mpira ukiwa mnene unashikana kama ngozi moja, unavuta kona na yote inafuata. Ukiwa mwembamba unakatika. Kwa hiyo ni mikono minne, mitano, na kila mmoja unasubiri ukauke kidogo kabla ya kupiga mwingine. Na mkono wa kwanza ni wa kugusia tu, rangi ya zamani bado inaonekana chini. Hapo ndo wateja wanakosea, wanataka ifunike mara moja, inachuruzika.

Mengine mwambie kabla hajalipa. Gari lioshwe vizuri, lisiwe na waksi. Asipake juani wala kwenye vumbi, asijifungie ndani maana harufu ni kali na inashika moto. Tepu aitoe mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi, ukikauka itaondoka na rangi. Petroli inaiyeyusha, kwa hiyo awe makini kwenye mfuniko wa tenki. Na kama anataka pikapu nzima, makopo si kazi yake. Atafute galoni na fundi mwenye mashine, halafu aulizie habari ya kadi ya gari maana rangi imeandikwa pale. (Na wewe usiyaache makopo juani kibandani, yana gesi yale.)

Siku hizi kwenye posti siweki bei ya kopo, naweka bei ya kazi: rimu nne, boneti, mlango wa nyuma. Anayetaka kopo moja namuuliza la nini. Akisema nembo ya mbele, sawa, linatosha.

Wapo wanaokasirika. Mmoja alinijibu "basi acha", akanunua mawili kwingine. Juzi karudi kuuliza ataibanduaje. Nikamwambia apige mikono mingine mizito juu ya ile, iachwe ikauke kabisa, ndo avute zote pamoja. Kachukua matatu.