Bakshishi ya kurudia njiani

Nianze na kukiri. Novemba iliyopita nilinuna mlimani kama mtoto aliyenyimwa pipi, na mtu niliyemnunia alikuwa anafanya kazi yake.

Tulikuwa watatu, mimi na washikaji wawili niliosoma nao chuo. Tulipanda boti ya abiria pale Kibirizi, ile inayobeba kila kitu kuanzia magodoro hadi kuku na madumu ya mawese, tukashuka Kasekela jioni. Kwa asiyepajua, Gombe ni kipande chembamba cha ardhi kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ziwa liko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, mgongo wa mlima unapita mita 1,500, na kati yake ni mwendo wa kilomita chache tu. Yaani ni ngazi. Sisi wa mjini tulidhani ni matembezi.

Utabiri nilikuwa nimeusoma kabla ya kupanda boti. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema Kigoma kutakuwa na hali ya mawingu, mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua. Mnaijua hiyo sentensi. Sasa wewe uliye mlimani, utajuaje kama umo kwenye maeneo machache au kwenye vipindi vya jua?

Tulianza saa moja asubuhi na muongozaji wetu, mtu mzima, Muha, mzaliwa wa vijiji vya jirani. Milima ya Kongo ilionekana vizuri ng'ambo. Tukapita msitu wa bonde la Kakombe, tukafika pale juu ambapo Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alikuwa akikaa na darubini yake mwaka 1960. Sokwe tuliwasikia, hatukuwaona. Washikaji wakapiga picha, tukaendelea kupanda kuelekea mgongoni kabisa, ambako miti inapungua na yanabaki majani matupu.

Saa nne na nusu muongozaji akasimama. Akatazama ziwani. Kongo haikuwepo tena. Lakini nadhani hicho sicho kilichomsimamisha. Ukiwa upande wa ziwa huoni kitu chochote cha mashariki, mlima wenyewe umekuziba, kwa hiyo wingu linaweza kukukaribia kwa nyuma bila wewe kujua. Ulikuja upepo wa baridi, ukishuka kutoka juu. Kisha ngurumo moja, ya mbali.

"Turudi," akasema.

"Kaka, si zimebaki dakika arobaini tu?"

"Ndiyo, arobaini."

"Basi twende haraka."

"Mdogo wangu, haraka ni ya kupanda. Kushuka na mvua hakuna haraka."

Mshikaji mmoja akaingilia: tumelipia siku nzima bwana, tumetoka Dar es Salaam kwa ajili ya hapa. Muongozaji hakubishana. Aligeuka akaanza kushuka, na sisi tukamfuata tukisonya.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Hakuna kilichotokea! Matone kumi, labda kumi na mbili. Kufika saa saba mlima wote uling'aa jua kama umepakwa mafuta, na sisi tuko ufukweni tunakula mgebuka. Washikaji wakasema tumepigwa. Wao hawakumpa yule kaka hata senti. Mimi nilikuwa nimepanga kiasi changu tangu Kibirizi. Nikampa nusu.

Hiyo nusu ndiyo inayonisumbua hadi leo. Nilimkata mtu bakshishi kwa sababu mvua haikunyesha. Ina maana ningemlipa kamili kama radi ingepiga?

Na radi siyo hadithi za kutishia watoto. Watafiti waliochambua data za setilaiti walichapisha mwaka 2016 orodha ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela. Ya pili ni Kabare, karibu na Bukavu, kaskazini magharibi mwa ziwa letu hili hili. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 katika shule moja mkoani Geita, nao walikuwa shuleni. Sisi tulikuwa tunaelekea kwenye majani matupu ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni kichwa chako. Hapo sijagusa suala la utelezi. Mwaka 1969 mtafiti kijana Mmarekani alianguka kwenye miamba ya Gombe akafa, akiwa peke yake, na baada ya hapo watafiti wakawa wanakwenda na wenyeji. Kwa maneno mengine, yule kaka hakuwekwa pale kutubebea maji.

Tatizo ni kwamba tumemfanya anayejua mlima amtegemee asiyeujua. Mshahara wa pili wa muongozaji uko mfukoni mwa mteja, na mteja anataka picha ya kileleni. Kilimanjaro ndiyo usiseme, kuna kampuni zinazotangaza asilimia ya wateja wao waliofika Uhuru, mita 5,895, kana kwamba ni matokeo ya kidato cha nne. Sijawahi kuona tangazo la asilimia ya waliorudishwa kwa wakati. Katika hali hiyo, muongozaji mwenye watoto wa kusomesha ataruhusiwa na nani kusema turudi?

Maoni yangu ni haya: bakshishi itajwe asubuhi, kabla ya hatua ya kwanza, na aambiwe wazi kwamba ni yake hata tukirudia njiani. Mtasema nitamfanya mvivu, atageuza kila akiona wingu. Inawezekana. Lakini mvivu wa mlimani nitakuja kumlalamikia nikiwa mzima, tena kwa kiasi kilekile.

Mwezi uliopita niliitafuta namba yake nikamtumia nusu iliyobaki kwa simu. Alipiga kushukuru, akacheka sana, kisha akauliza kama wale wenzangu wameshapoa.