Bawabu wa Ubongo na Dawa Zipitazo Mlangoni



Wasomaji wetu watukufu, juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, binti mmoja wa mtaani alinisubiri barazani. Mwanawe wa miaka tisa huugua kifafa. Akaniambia, "Sheikh, nimeona kwenye simu dawa ya nano ipenyayo hadi ndani ya ubongo. Nataka kuuza bangili zangu niinunue. Na hii ya hospitali nimwachishe, maana muuzaji asema hazichanganyiki."

Nikamwuliza mtoto alianguka lini mara ya mwisho. Akajibu, "Kabla ya Ramadhani." Nikamwomba asiuze kitu wala asikatize dawa hata siku moja, mpaka nisome na kuwauliza wajuzi. Nayaandika hapa niliyoyapata, kwani huenda swali lake ni la wengi.

Tuanze na ubongo wenyewe. Mwaka 1885, tabibu wa Kijerumani, Paul Ehrlich, alieleza jinsi rangi iliyotiwa katika damu ya wanyama ilivyoenea mwilini, lakini ubongo na uti wa mgongo vikabaki bila rangi. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akaonyesha kinyume chake: rangi ikitiwa katika maji yauzungukayo ubongo, ubongo hugeuka rangi na mwili uliosalia haugeuki. Ikadhihirika kwamba baina ya damu na ubongo pana kizuizi.

Kizuizi hicho kimo katika kuta za vishipa vyembamba vya damu. Seli zake zimeshikamana kwa nguvu mno, mfano wa mabawabu waliopangana bega kwa bega. Huruhusu hewa safi, sukari na chakula cha ubongo. Huzuia sumu na vijidudu vingi. Ni neema kubwa, lakini bawabu huyo huyo huzizuia pia dawa nyingi. Mgonjwa wa Parkinson, yule atetemekaye mikono, hupungukiwa na dopamini ubongoni. Akipewa dopamini yenyewe kwa njia ya damu, haiingii. Ndiyo maana hupewa levodopa, ambayo hupitia mlango wa chakula, kisha ikageuka dopamini ikiwa ndani.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja katika bilioni ya mita. Unene wa unywele mmoja ni kama nanomita 80,000. Wataalamu hutengeneza vifuko vidogo, mara nyingi vya mafuta, vyenye upana wa nanomita mia moja hivi, na dawa wakaifunga ndani yake. Katika miaka ya 1990, Jörg Kreuter na wenzake wa Frankfurt walizivika chembe kama hizo utando maalumu. Utando huo, ukifika katika damu, hunasa protini ibebayo mafuta. Bawabu huidhania chembe kuwa ni mafuta aliyoyazoea, akaipitisha. Majaribio hayo yalifanywa kwa panya.

Je, wanadamu wamekwisha kufaidika? Ndiyo, kwa baadhi ya maradhi. Kuna homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu, ambayo huwaua wengi miongoni mwa wenye virusi vya UKIMWI. Dawa yake ya zamani, amfoterisini, huumiza figo na kupunguza damu. Ikifungwa katika vifuko vya mafuta, mgonjwa aweza kupewa dozi kubwa kwa mara moja tu na madhara yakapungua. Utafiti uliofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba dozi hiyo moja, pamoja na vidonge vya wiki mbili, haikuzidiwa na matibabu ya sindano za juma zima. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Angalieni kwamba faida hapa haikuwa kumhadaa bawabu, bali kuupunguzia mwili mateso ya dawa.

Ama kifafa, hatujafika huko. Hakuna chembe za nano zilizoidhinishwa kukiponya. Atangazaye hivyo auza matumaini ya maabara kwa bei ya dukani.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili: zile dawa za kawaida za kifafa, kama fenobabitoni na kabamazepini, zenyewe zampita bawabu, na ndiyo sababu zafanya kazi. Binti yangu alikuwa tayari kuuza bangili anunue uwezo ambao dawa ya mwanawe inao. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa waweza kuishi bila kuanguka, wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Na kuikatiza dawa ghafla kwaweza kuleta kifafa cha mfululizo, kisichokoma chenyewe, nacho huua.

Basi mkiletewa dawa ya namna hii, ulizeni: imeidhinishwa kwa maradhi gani? Imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Daktari wa mtoto aijua? Anayewataka muache dawa ya hospitali kabla ya kuwajibu, mfungieni mlango.

Kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), na kuuliza kabla ya kutumia ni sehemu ya kujitibu.

Juzi binti yule alipita na mwanawe wakienda kliniki. Bangili zilikuwa zingali mkononi, na kijana amebeba kikasha cha vidonge vyake mwenyewe. Mwenyezi Mungu amponye yeye na wagonjwa wetu wote. Amin.