Kipimo Kibaya Kisifutwe

Muhula huu katika mdahalo wa chama chetu cha sayansi mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba wataalamu wa Ulaya wamekwisha kupata waya usio na ukinzani hata kidogo, na kwa hiyo sisi hapa Kizota twapoteza wakati bure kupima waya wa shaba kwa daraja la mita. Alipigiwa makofi mengi. Mimi nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi.

Ni kweli waya huo upo. Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes, huko Leiden katika nchi ya Uholanzi, aliipoza zebaki hata ukinzani wake ukatoweka. Leo, katika maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna njia ya duara chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 27, ambamo chembe ndogo mno hukimbizwa kwa mwendo ulio karibu sawa na wa nuru. Sumaku 1,232, kila moja ya mita 15, huzipinda chembe hizo zisitoke njiani. Waya wake ni wa niobiamu na titaniamu, nao hupitisha ampia zipatazo 11,850 katika baridi ya digrii 271 chini ya sifuri. Wala si mambo ya mbali tu: mashine nyingi za MRI hutumia waya wa jamii hiyo hiyo, na MRI ipo hapa hapa Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Lakini mwenzetu hakutuambia kwamba waya huo ni mwepesi wa kuasi. Katika baridi kali namna ile chuma na shaba hupata moto kwa kitu kidogo sana; shaba iliyopozwa kwa heliamu ya majimaji yahitaji joto pungufu zaidi ya mara elfu tatu kuliko shaba ya mezani kwetu ili ipande digrii moja. Basi waya ukisogea kidogo tu, pungufu ya unene wa unywele, ule msuguano watosha kuupasha moto mahali pamoja. Hapo ukinzani hurudi, ukinzani huzaa joto, joto huenea kwa jirani, na kufumba na kufumbua sumaku nzima imeasi.

Dawa yake ni nini? Ni shaba! Wataalamu huigawa niobiamu na titaniamu iwe nyuzi maelfu, kila moja nyembamba kuliko unywele mara kumi hivi, wakazisokota ndani ya shaba. Waya ukiasi mahali, umeme hukimbilia shaba iliyo kando yake, nayo huubeba wakati mitambo ikiupunguza. Katika waya wa CERN shaba ni zaidi ya nusu. Sikuamini nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza. Yaani waya wa ajabu, kwa sehemu kubwa, ni kile kile tunachokipima kwa daraja la mita.

Tena sumaku mpya hufunzwa. Hupelekewa umeme mpaka iasi, kisha hupozwa, ikapelekewa tena, na aghalabu mara ya pili hufika mbali zaidi. Kila uasi huandikwa. Hapana anayeuona kuwa aibu.

Tarehe 19 Septemba, 1928 haikuwa. Ilikuwa 2008, siku tisa tu baada ya mashine ile kuwashwa, kiungo kimoja baina ya sumaku mbili kiliharibika. Cheche zilitoboa chombo cha heliamu, tani zipatazo sita zikamwagika, na sumaku 53 zikalazimika kutolewa. Mashine haikufanya kazi tena mpaka Novemba 2009. Walipofungua kumbukumbu za majaribio ya siku chache kabla ya ajali, walikuta alama ndogo ya joto lisilo la kawaida mahali pale pale. Ilikuwa imeandikwa, ila haikuangaliwa. Baadaye, viungo zaidi ya elfu kumi viliongezewa vipande vya shaba.

Sasa niungame. Mwezi uliopita kipimo changu cha waya kilitoka kikubwa kuliko cha wenzangu wote. Nilikifuta kwa raba, nikanakili cha jirani, nikapata alama. Wiki iliyofuata nikagundua kwamba klipu ya meza yangu imeota kutu na imelegea. Kumbe kipimo changu hakikuwa kibaya. Kilikuwa kikinieleza habari za kiungo!

Wengine watasema mtihani wataka jibu sahihi. Sawa, lakini mazoezi si mtihani. Nawaomba walimu wetu waturuhusu kuwa na safu katika daftari ya vipimo vilivyopotoka, na pembeni yake sababu tunayoidhania, wala mtu asikatwe alama kwa ajili yake. Klipu nimeipiga msasa, na kipimo nimekirudia. Lile daftari la kwanza lina tundu pale raba ilipopita, na mwenzetu wa mdahalo akitaka kuliona aje mezani kwangu, dirishani upande wa reli.